Kigugumizi

Babu Aulis aliendesha projekta mjini Kemi, kaskazini mwa Ufini,
miaka thelathini na minne, katika kijichumba cha juu
chenye joto la taa na harufu ya mafuta ya mashine.
Sinema ilifungwa, ikawa duka la matairi.
Jicho lake halikufungwa.

Sisi wengine tunaona mtu anatembea.
Yeye anaona mtu anatembea, anakwama, anatembea.
"Hapo. Umeona? Na hapo tena."
Kila picha ikijikwaa anagonga meza kwa kijiko,
kahawa inaruka kikombeni.

Bibi Irmeli yumo ndani ya kanda moja, dakika sita.
Machi, mwaka niliozaliwa, mto bado ni jiwe,
naye anateleza juu yake, kofia nyekundu.
Anaijia kamera. Anageuka. Anapunga mkono.
Kanda niliihamishia kwenye kompyuta, nikaunga waya kwenye televisheni,
na miaka mitano tumemtazama hivyo:
kigugumizi miguuni,
kingo za koti zimechanika mistari mistari
kama meno ya kitana.

Nikapanda treni hadi Oulu kununua kadi ya picha.
Roope wa dukani, ndevu zake za kuhesabika,
akanitolea dude la feni tatu, limewashwa rangi zote,
bei yake baiskeli mbili.
"Hii inabeba michezo yote."
Babu hachezi.
"Inasukuma fremu mia mbili kwa sekunde!"
Nataka hamsini, nikamwambia. Hamsini kamili,
si sitini iliyovaa kanzu ya hamsini.
Na filamu zake za zamani, zile za ishirini na nne,
zitoke ishirini na nne, zisitiwe maji kama maziwa ya mchuuzi.
Ishirini na tano haiingii sitini ikatulia:
fremu hii inakalishwa mno, ile inafukuzwa mapema,
mwenyeji hajui kuhesabu viti.
Tena isiwe na feni.
Nyumba ile, theluji ikiporomoka paani unaisikia.
Sitaki kumpelekea mtu wa tatu
wa kuhema nyuma ya televisheni.

Roope akanyamaza. Akaingia stoo.
Akarudi na kikasha chenye vumbi:
kadi ya nusu kimo, mapezi ya alumini matupu,
imerudishwa na mteja aliyelalamika kwamba haifai.
"Haifai nini?"
"Michezo."
Yuro thelathini. Nikaitia mfukoni mwa koti.

Babu alinishikia tochi, mkono haukutetemeka hata kidogo;
kazi ya gizani haimtoki.
Skrubu moja. Kifuniko. Hamsini.
Nikaichagulia kadi namna ya kuisuka ile mistari,
nusu kwa nusu, mpaka koti likawa koti.

Kijiko kilikuwa tayari hewani.

Irmeli akaja.
Akaja kama maji yanavyokuja kwenye mteremko,
barafu ikapita chini yake yote, bila pengo,
akageuka, akapunga mkono.
Kijiko hakikushuka.

"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha."

Mara ya tatu akasema, bila kunitazama:
"Alikuwa anasita pale. Akishageuka, kabla ya kupunga.
Kidogo tu."
Ni picha iliyokuwa ikisita, babu. Ni hesabu.
"Asubuhi ile tuligombana," akasema.
"Nilidhani anafikiria
kama nastahili."

Mtu aliyezijua hila zote za mashine!
Pale tu, alikuwa ameiamini.

Nje, gari la kuondoa theluji likapita na taa yake ya manjano.
Akatia kijiko kikombeni
akaikoroga kahawa isiyo na sukari, akaikoroga,
kisha akasema,
"Rudisha mwanzo kabisa. Pale anapofunga kamba za viatu."