Mshale Ukirudi Sifuri

Pale Lulindi waliniita Karani Mweupe.
Si kwa rangi, mimi ni mweusi kama chungu cha ming'oko,
ila kwa sababu kilo kwangu ilikuwa kilo.
Nami nililipenda jina hilo
kuliko nilivyompenda aliyenifundisha kulistahili.

Nitasema kweli: nilianza kusoma mizani kwa sauti.
"Hamsini na nane na nusu, Mama Akwinata!"
ili waliokalia magunia wasikie,
ili hata yule wa kangomba anayepita na pikipiki
ajue hapa hakuna mchezo.
Jumapili moja Padri Mmole akanitolea mfano mimbarani.
Niliinamisha kichwa kama mnyenyekevu.
Ndani ya kichwa kilichoinama nilikuwa nahesabu
wangapi wamegeuka kunitazama.

Kisha ikaja karatasi kutoka ghala kuu, Masasi:
pungufu, kilo mia sita na kumi.

Kijiji hakikuhitaji kikao.
Mlinzi ni Chinguile,
Chinguile hunywa uraka hadi akavigombeza viatu vyake,
basi ni yeye.
Hata mkewe alisema, huenda ni yeye.

Usiku nilibaki ghalani na tochi ya simu.
Nikaweka mizanini jiwe la kilo ishirini,
lile lenye muhuri, la kupimia mizani yenyewe,
nililopaswa kuliweka kila asubuhi
na sikuliweka tangu Oktoba,
maana asubuhi nilikuwa na watu wa kusalimiana nao.
Mshale ukapanda, ukapita ishirini,
ukasimama ishirini na moja.

Hakuna aliyeiba.
Magunia mia sita na kumi,
kila gunia kilo moja ya hewa.
Niliwapa watu hewa, wakanilipa sifa;
kumbe tulikuwa tumelingana.

Nani aliniona? Popo, kwenye mabibo.
Ningeikaza ile skrubu ya nyuma nikalale,
asubuhi niamke mweupe vilevile
na Chinguile alale rumande.
Niliomba. Sikuomba ujasiri.
Niliomba Mungu anionyeshe namna
ya kusema kweli na bado nipendwe.
Hakujibu.
Nilikaa na kimya kile mpaka jogoo wa kwanza,
nikaelewa kwamba swali lenyewe ndilo halikuwa zuri.

Mkutanoni nilisema: kosa ni langu,
kila mtu atakatwa kwa hesabu ya magunia yake.
Mama Akwinata aliuliza taratibu,
"Ada ya mwanangu nimeshalipa. Niikate wapi?"
Sikuwa na la kumjibu, na sasa bado sina.
Mtu akatema mate. Mwingine akadai
siku zote alikuwa akinijua.
Chinguile hakunishukuru.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa jembe lake
likiwa limevunjika mpini.

Jumapili ile benchi langu lilikuwa na nafasi
ya watu wawili kila upande.
Nikapokea mkate, nikapokea kikombe,
na naungama: nilifumbua jicho moja
kuona kama yupo anayenitazama nikipokea.
Haya ni kama utomvu wa ganda la korosho vidoleni:
hautoki kwa maji.
Unatoka siku ngozi inapobanduka.

Jumatatu naweka jiwe. Ishirini.
Naliondoa. Mshale unarudi sifuri,
unatetemeka kidogo, unatulia.
Hakuna kitu juu ya mizani, wala jina langu,
na ni mara ya kwanza naiona ikisema kweli tupu.

Sisomi tena kwa sauti.
Mama Akwinata haniamini;
anazunguka meza, anasimama ubavuni pangu
kujisomea kwa macho yake.
Nasogea,
bega langu lisimkinge.