Deni

Jina lake Deni.
Mwenye mama yake alishindwa kunilipa
ndoo mia na arobaini za kokoto,
nikarudi kutoka Kiuyu na kamba mkononi,
na mwisho wa kamba kitu cha miezi minane
chenye masikio marefu kupita subira yangu.

Sasa ana miaka mitatu kasoro masika.
Mgongo wake haujajua shogi.
Pale mama yake alipo na kovu la upana wa kiganja,
kipara, hata nzi wanapafahamu,
Deni ana manyoya, na mstari mweusi umepita begani
kama wa fundi aliyepima kitambaa,
adhana ikamwita, hajarudi kukata.

Sikukuu Pili, kiwanja cha skuli, Micheweni.
Goli hadi goli, punda tisa,
mbio za kwisha kabla hujameza mate.

Ramadhani nzima, baada ya daku,
mimi na mwanangu Mbarouk na kurunzi ya simu.
Siku ya kwanza majanini, Deni aligoma.
Huku kwetu tunakanyaga mawe, tunavunja mawe, tunakula mawe;
kwato zake zimezoea kujibiwa.
Jiwe humwambia: nimekusikia, nimekusikia.
Majani hayakusema kitu.
Akageuka kuitazama miguu yake ya nyuma
kama anayeuliza nani amebaki huko.

Siku ya pili akafahamu majani ni nini.
Akala katikati ya uwanja, akala penalti,
akala kona yote ya upande wa msikiti.
Mbarouk juu yake, visigino vinapiga mbavu:
"Mama, huyu anashindana na mbuzi!"

Nikamsukia kikapu cha mdomo, cha ukindu.
Kidogo mno. Nikafumua.
Kikubwa mno, akakila.
Cha tatu kimekaa.

Mbarouk tulimpima kituo cha karafuu.
Karani alicheka, akasogeza jiwe la mizani:
kilo thelathini na moja, pamoja na viatu.
"Mkavu huyu," akasema. "Daraja la kwanza."

Wako wasemao shukrani ya punda mateke.
Mimi nimepigwa mara mbili, paja hili hapa.
Sijampa la kushukuriwa,
kwa hiyo sikudai.

Kila asubuhi mama yake hupita machimboni,
shogi limejaa, na akifika usawa wetu hulia.
Deni huitika. Sauti ileile,
mlango uleule kabla haujashika kutu.
Wanawake wenzangu huinua vichwa.
Mimi napiga nyundo.

Jana usiku nimempaka kwato mafuta ya nazi.
Mabinti wa jirani wakamtia hina kwenye paji,
jua lenye miale saba;
wa nane uliteleza ukaingia sikioni.
Alisimama kimya kama bibi harusi
aliyeambiwa nusu tu ya mambo.

Sikumtajia Jumatatu.
Mkokoteni uko nyuma ya choo, magurudumu ya Vespa,
ubao umepakwa buluu, nusu ya bei nimeshatoa.
Akishinda, akishindwa,
Jumatatu ni Jumatatu.

Haya, tuko golini.
Punda tisa hawajui mstari ni nini,
mmoja ameshatazama bahari, mmoja anamtazama mwenziwe kwa nia mbaya.
Watoto wamepanda hadi juu ya paa la darasa la tatu.
Mwamuzi ameinua kanga ya mkewe.
Namvua Deni kikapu; vidole vyangu
vinatetemeka, mbavu zake hazitetemeki.

Ananusa. Shingo inashuka.
"Mama, mzuie!"

Kanga ingali juu.
Mwache ang'ate moja.