Mpagazi wa Magurudumu Sita

Tulikujaribu kwanza kwenye mchanga wa Igombe,
bwawa lilipopungua, Oktoba.
Ukapanda jiwe, ukashuka jiwe,
na Mihambo fundi baiskeli akasema:
gurudumu la nyuma linalia, litieni grisi.
Hatukutia. Huko uendako grisi huganda.

Ukoo wetu unajua kuaga wabeba mizigo.
Babu wa babu yangu alitoka Tabora kwa miguu,
pembe begani, miezi mitatu mpaka pwani;
akarudi na doti moja ya kaniki
na kikohozi.
Lakini alirudi.

Wewe mzigo wako ni macho tu,
na mkono mmoja wa kuchokora udongo
tujue kama uliwahi kulowa.

Nakwambia, "Simama,"
nakwenda kuinjika chai, inachemka, naimimina,
ndipo unasikia.
Umekwisha kupita pale nilipokukataza.

Jana umeleta picha: wekundu mtupu,
michirizi miwili nyuma yako, hakuna wa kuikanyaga.
Nyamizi, mwanangu, akaitazama sana.
"Mama, mbona kama njia ya Sikonge kabla ya lami?"
Nikanyamaza.

Vumbi limekujaa mgongoni, jua halikushibishi tena.
Ningekuwa karibu
ningekupangusa kwa upindo wa kanga.

Hutarudi, najua. Tua mzigo hapo ulipo.
Ila kabla hujalala, inua jicho:
kile kinukta, kile kidogo kabisa,
ndiko ulikonyimwa grisi.