Rangi Asiyoiona Baba

Kisiwani Saaremaa, Julai, saa kumi na moja alfajiri,
madebe ya maziwa yakigongana mlangoni mwa kiwanda,
baba yangu Endel huvaa koti jeupe lenye kifungo kimoja
na kuniita: "Maimu, niletee macho."

Macho yake mazima; humwona paka gizani.
Ila wekundu kwake ni udongo, na waridi ni maji matupu.
Alizaliwa hivyo, kama baba wa mama yake,
na kati ya kazi zote za dunia
akapewa hii: kupima maziwa yaliyoanza kuchacha.

Maziwa kidogo ndani ya chupa.
Matone mawili ya kiashiria, dawa isiyo na rangi,
kimya kama mgeni wa siku ya kwanza.
Penye asidi haisemi kitu.
Kisha magadi makali kutoka mrija wa kioo,
tone, tone,
kila tone likimeza uchachu wake,
hadi tone moja likose cha kumeza.
Hapo ndipo maziwa huona haya:
waridi hafifu, kama kucha ya mtoto mchanga.
"Sasa," nasema. Baba hufunga koki, huandika.
Matone machache, maziwa ya leo.
Mengi, rudi nayo nyumbani.

Jumanne ile ikafika zamu ya Salme,
mwenye ng'ombe mmoja, na mume kalazwa Tartu.
Tone la kumi na saba, meupe.
La kumi na nane, meupe.
Salme alikuwa bado ameshika kipini cha debe,
hajaamua kuliachia.
Nikasema, "Sasa."

Baba akaitazama chupa, akanitazama mimi.
Uso uliniwaka hadi masikioni;
nikashukuru kwamba kwake ulikuwa udongo tu.

Saa nne pipa kubwa likapashwa moto
na maziwa ya kijiji kizima yakakatika,
mabonge yakielea kwenye maji ya manjano.
Baba akachovya kidole, akaonja, akatema.
Hakuuliza kitu.

Mwisho wa mwezi mshahara nao ukakatwa.
Usiku huo, akinawa mikono, mgongo kwangu, alisema:
"Siku ile ulisimama karibu mno nami, Maimu.
Sikuona rangi.
Joto lilinifika."

Nikangoja kofi, nikangoja funzo. Nikasikia maji tu.

Alfajiri, madebe yakigongana,
akafunga kile kifungo kimoja:
"Maimu, niletee macho."