Jaribu Bila Kusakinisha

Kompyuta ya shangazi Tsiuri ilikuwa ikikohoa.
Ukiiwasha asubuhi, chai inachemka, inanyweka,
vikombe vinaoshwa,
ndipo inapokumbuka jina lake.

Nikaja Tskaltubo na diski ya nje mfukoni,
nyembamba kama sabuni iliyobaki,
nimeifunga na waya wake kwa mpira wa nywele.
"Mfumo mzima umo humu?"
"Mzima."
Akaipima kiganjani kama mtu anayehofia kupunjwa.
"Sisi pia tulitoka na mfuko mmoja," akasema,
"ila wetu ulikuwa na mkate."

Chumba 214 cha sanatoria.
Zamani wachimba makaa waliletwa hapa kuloweka magoti
katika maji moto ya serikali.
Tangu mwaka wa tisini na tatu anakaa shangazi,
aliyekuwa akikata tiketi, dirisha la tatu,
stesheni ya Ochamchire, ambako treni yetu haifiki tena.
Roshani imezibwa kwa mbao na mlango wa kabati.
Akisahau kifuniko, dari linatia chokaa mchuzini.

Nikazima. Nikachomeka. Nikawasha
huku nagonga kitufe cha kumi na mbili, ta-ta-ta-ta,
kama mdai mlangoni.
Mara ya kwanza nilichelewa. Ya pili nilichelewa.
Ya tatu mashine ikauliza kwa unyonge:
nianzie ndani, au nje?
Nje.

Skrini ikapambazuka samawati,
na katikati yake mambo mawili:
*Jaribu bila kusakinisha.*
*Sakinisha.*

"Tofauti yake?"
Nikamweleza: ukijaribu, kila kitu kinafanya kazi,
utaandika, utasikiliza redio, utacheza karata,
ila ukizima, basi. Mashine haikujui.
Cha zamani hujakifuta, kipya hujakiweka,
unakaa juu juu tu, kama
"Kama mimi," akasema,
akaenda kupunguza moto chini ya maharage.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Shangazi, siku elfu kumi na moja,
na jembe hajalishika;
hata mche wa chenza kwenye debe hakupanda,
maana mche utataka mtu wa kuungoja.

Akarudi akijifuta mikono. "Weka."

Diski zilikuwa mbili kwenye orodha
na nusura nichague ya nje,
nikate tawi nililolikalia.
*Vyote vilivyomo vitafutwa. Endelea?*
Vilikuwemo: karata. Picha tatu za jino, za daktari.
Barua ya kuomba nyumba, nakala kumi na tisa,
kila moja na tarehe yake.
"Nikuhifadhie barua?"
"Za nini? Wao wanazo."
Akabonyeza mwenyewe, kidole kinanuka giligilani.

Tukala. Asilimia ishirini. Arubaini na moja.
Taa ikafifia, tukaacha vijiko hewani,
ikarudi.

"Sasa chagua nywila."
"Geuka."
Nikatazama ukuta. Nikasikia kidole kimoja,
taratibu, kama mguu unaopapasa ngazi gizani.

Ondoa diski, ikasema mashine. Nikaondoa.
Ikajiwasha yenyewe, mara ya kwanza, bila fimbo ya mtu,
ikamkataa.
Akaandika tena. Ikamkataa.
"Shangazi, umekosea herufi."
"Mimi? Jina hilo nimeligonga kwenye tiketi
miaka kumi na saba!"
Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Kosa lilikuwa la kibodi:
aliandika kwa herufi zetu, mlangoni ikadai za Kilatini.
Nikabadilisha alama pale pembeni.
Safari hii hakuniambia nigeuke.
Vitone vinane, kimoja kimoja.

"Sasa niko ndani?"
"Uko ndani."
Akaangalia ukurasa mtupu muda mrefu,
akatafuta karata, hazikuwepo, akaguna.

Nilipokunja waya akanizuia mkono.
"Hiyo iache."
"Kazi yake imekwisha, shangazi."
"Iache."
Akaitia kwenye mkoba ulioning'inia nyuma ya mlango,
pamoja na hati zake, soksi, na kiberiti.