Godauni Nambari Nne

Nimeitwa Langoni kufuta neno.
Ukuta ni wa chokaa, neno ni la rangi nyeusi,
herufi sita za Kizungu na nambari yake,
nami nina msasa, kopo la tapentaini,
na ujira wa siku mbili uliokwisha kuliwa.

Mwalimu Bunu alitusomesha darasa la nne,
kiboko mkononi, chaki sikioni:
go ni enda, dauni ni tini,
kwa hivyo godauni ni pahali pa kwenda tini.
Nikainua mkono. Nikasema, Mwalimu,
hiyo ya Taibali ina vipandio tisa
na vyote vyaenda yuu.
Nilichapwa viwili:
kimoja cha go, kimoja cha dauni.

Mamangu hakusoma, alipanda.
Kila asubuhi vipandio tisa, ungo kichwani,
apepete simsim hadi adhana ya magharibi,
na karani ampigie mistari ukutani, kando ya mlango:
minne kusimama, mmoja kulala.
Yeye aliita gudani,
upesi, kama mtu atajaye jina la mkwewe.
Babake akashikilia kuwa neno ni letu, mtoto wa gudi:
gudi hupumzisha vyombo, gudani hupumzisha magunia.
Nani wa kumkatalia?
Hakuwa na meno, lakini sauti alikuwa nayo.

Kisha akaja Murtaza, kijana wa Taibali, kuuza nyumba.
Akaketi kipandio cha tatu, akapangusa miwani.
Neno hili, akasema, halikuzaliwa Uingereza.
Kwa Wamalai lilikuwa gudang,
na kabla ya hapo pengine Uhindi ya kusini,
wajuzi wenyewe hawajapatana.
Mngereza alilisikia kwa sikio lake,
akalikata vipande viwili avijuavyo,
akalivisha viatu, likatembea kama la kwao.
"Humo hamna kwenda," akacheka, "wala hamna chini."

Nikavikumbuka viboko vyangu.
Sikujua nimdai nani.

Basi leo nasugua.
Nyeusi yatoka, yaja samawati.
Samawati yatoka, zaja herufi za Kiarabu,
mkono wa mtu asiyekuwa na haraka: ghala.
Nukta ya ghaini ingali yuu yake,
kavu, kama punje iliyosahauliwa na ungo.
Na chini ya ghala, zimechimbwa kwa msumari,
minne kusimama, mmoja kulala,
minne kusimama, mmoja kulala,
minne kusimama, na hapo pamekatika.
Siku hiyo sijui alikuwa mgonjwa, au ndiyo niliyozaliwa.

Simu yalia. Mwenye hoteli, yuko Nairobi.
"Fundi, umefika wapi? Acha, acha!
Wageni walipenda neno hilo. Liandike tena,
lakini liwe kama la zamani. Lichakaze kidogo."
Nauliza bei ya kuchakaza.
Ni mara mbili ya kufuta.

Nimeliandika. Nimelipiga kitambaa likafifia,
hata mimi ningeapa lina miaka mia.
Ila tundu la O ya pili sikulitia rangi.
Nililipanua, likawa na tumbo kuliko wenzake,
na mistari yote imo humo, na ule uliokosa mwenzake.

Akija mgeni na kamera yake,
akaniuliza neno hili maana yake nini,
nitamwonyesha vipandio.
Nitamwambia, panda.