Pini ya Zambarau

Hildegarda aliingia dukani Jumatatu, mvua ikimfuata,
akanionyesha malkia ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka.
"Mama Sijaona, nataka hii. Ijumaa tunaigiza Mlimani.
Nina elfu arobaini na tano."

Nikamtazama malkia, naye akanitazama.
Macho makubwa, ya mtu aliyekesha msibani,
lulu zikimshuka toka kilembani hadi mabegani,
na vazi lile: zambarau iliyokolea,
kama ulimi wa mtoto aliyeiba zambarau akakana.

Nikasema, mwanangu, kwa hela hiyo
namshona mjakazi wake.

Akacheka. Akakaa juu ya robota la satini, akanieleza
kwamba rangi ile ilitoka kwa konokono wa baharini,
maelfu wakikamuliwa kwa pindo moja;
kwamba raia akikutwa nayo pasipo idhini
alikiona cha mtema kuni;
kwamba palikuwa na chumba, kuta zake jiwe la rangi hiyo,
malkia akajifungulia humo
na mtoto akaitwa kwa jina la chumba hadi kaburini.

Sijaona nilimzalia Amana,
ukuta wa kijani uliobanduka, wazazi wawili kitanda kimoja.
Hakuna aliyemwita kwa rangi ya ukuta.

"Wengine waliletwa wapangwe mstari,
mfalme akapita akichagua."
Kama nazi, nikasema.
Nikamkumbuka dada yangu, mwali, miezi minane ndani,
siku ya kutolewa kabebwa begani, ngoma zinalia,
jua linamchoma macho,
hajui kati ya wote wale nani anamtazama kwa hesabu.

"Mwingine alitawala peke yake,
akajiandika mfalme, si malkia.
Mwingine alinyolewa nywele, akafungiwa kwa watawa."
Mkasi wangu ulikuwa mkononi. Nikauweka chini.

Na fundi wao?
"Fundi gani?"
Aliyeshona.
Kidole chake kikapanda kwenye simu, kikashuka,
kikapanda tena.
"Hawakumwandika, Mama."

Jumatano umeme ukakatika Mtaa wa Sikukuu wote.
Nikashona kwa tochi niliyoing'ata menoni,
lulu za plastiki, mia tatu kwa buku mbili,
moja moja, kifuani hadi pindoni.
Saa nane usiku sindano ikanitoboa.
Tone likaangukia kitambaa, nikalitafuta kwa tochi,
sikuliona.
Hapo nikaielewa ile rangi, wala sikuhitaji kitabu.

Ijumaa nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.
Jukwaani mji unaungua kwa karatasi nyekundu na feni.
Washauri, vijana wenye ndevu za pamba,
wanapiga kelele: meli iko tayari, dhahabu imeshapakiwa,
tukimbie, mtukufu, tukimbie!
Mfalme mwenyewe kashanyanyua kiatu.

Yeye hakusogea.
Msichana wa Mbinga, mrefu, shingo imenyooka,
mgongo kama nguzo ya msikiti.
Akasema atakayekwenda na aende,
yeye nguo hii haivui akiwa hai.
Hakuinama hata kufuta jasho.
Mwalimu mmoja mbele yangu akanong'ona:
"Tazama anavyosimama. Hicho hakifundishwi."

Nami nikahesabu kwa vidole gizani.
Pini ishirini na nne niliingiza, ishirini na tatu nilitoa.
Moja ilikuwa pale, chini ya mbavu ya kushoto,
akilegea kidogo, inamkumbusha.

Ukumbi ukanyanyuka, makofi, vigelegele.
Mimi sikuinuka. Nilikuwa namwaza yule wa kale
asiye na jina, kasukumwa nyuma ya umati,
vidole vimetoboka,
anamtazama malkia wake aliyenyooka,
na midomo inamcheza polepole:
ishirini na moja, ishirini na mbili,
ishirini na tatu…